Pua, Mchi na Ng'ombe Asiye na Hatia

Mayu,

Mhola huko uliko? Huku mhola, ni salama. Mvua zimekuja kwa wakati wake, mtama wa Baba umesimama vizuri, na mimi binti yako Minza nina habari ambayo ingekufanya uweke ungo chini na kuketi kwanza. Jumatatu nakwenda kuonwa na daktari kwa ajili ya pua.

Usishtuke, siumwi. Napumua vizuri, nakula vizuri, na mume wangu anasema hata kukoroma nakoroma vizuri. Nataka tu inyooke.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua wewe Kiswahili ulikuwa unakisikia na kukijibu kwa Kisukuma, lakini masista waliotufundisha kuandika walitufundisha kwa Kiswahili, na mkono wangu haujui njia nyingine. Naamini huko uliko hakukosekani mtu wa kukusomea.

Tangu tukuzike huu ni mwaka wa nne, na mengi hukuyaona. Nimehamia Geita na mume wangu, yeye anashuka shimoni mgodini na mimi nauza chai na mihogo ya kuchemsha karibu na lango. Wachimbaji wametoka kila upande wa nchi, na kila mmoja amekuja na mdomo wake. Wa zamu ya asubuhi wamenipa jina la Mama Kona. Wanasema mimi nikielekea Mwanza, pua yangu inaelekea Biharamulo. Nami huwajibu kwamba chai yangu imenyooka, wanywe waende kazini. Nacheka nao, mayu, kweli nacheka. Ila benchi langu nimeliweka hivi kwamba wateja wote wanaketi upande wangu wa kushoto, ule mzuri, na kanisani pia nina nafasi yangu ukutani ambako hakuna anayenitazama kutoka kulia. Miaka kumi na miwili nageuza uso. Shingo nayo inachoka.

Sasa amekuja daktari Mzungu kwenye hospitali ya misheni upande wa Ushirombo, atakaa miezi michache tu. Wakati wa vita kuu ya Wazungu alikuwa akitengeneza nyuso za askari walioumia, na siku hizi anashona watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Aliyeniambia ni Bwana Elias, dresa wa zahanati hapa Geita, siku moja akinywa chai. Alinitazama pua bila aibu, kama fundi anavyotazama mguu wa meza, akasema huyu daktari anaweza kuijaribu. Nikamwaga chai ya mtu.

Kumbe kwenda kuonwa tu kuna maandalizi kuliko harusi. Bwana Elias alinipiga marufuku ugoro, eti pua lazima iwe safi. Shangazi Holo, ambaye amejitolea kunisindikiza kwa kuwa hawezi kukubali binti wa kaka yake akashikwe uso na mwanamume bila mtu mzima kuwapo, anakuja kila jioni kuketi karibu nami, anafungua kikopo chake taratibu, anavuta, anapiga chafya na kushukuru mizimu. Anasema ananisaidia kujizoeza. Hajabadilika hata kidogo.

Kisha Bwana Elias akatoa karatasi ya kujaza kabla ya safari. Jina, umri, kijiji, watoto wangapi. Akauliza pua ilivunjikaje. Nikamjibu upesi kama nilivyomjibu kila mtu tangu nina miaka kumi na minne, kwamba nilipigwa teke na ng'ombe. Akaandika. Halafu akaanza. Ng'ombe alikuwa amesimama au amelala? Mguu ulitoka chini au pembeni? Niliinama kukamua, au nilikuwa napita nyuma yake? Nikababaika. Akaweka kalamu chini akaniambia, "Minza, daktari huyu huanza na ajali kabla hajaanza na pua. Mfupa unakumbuka ulikopigwa. Ukimdanganya, atakata pasipo pake."

Nilirudi nyumbani bila hata kumuaga. Maana ukweli ule haukuwa wangu peke yangu, ulikuwa wako.

Unakumbuka, mayu? Bibi alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili na Shangazi Holo, na Baba alikuwa ametoka alfajiri. Wewe ukasimama mlangoni, ukatazama ua wote mtupu, ukasema, "Leo nyumba ni yetu." Tukaweka mtama kinuni, mimi mchi wangu na wewe wako, tukaanza kutwanga kwa zamu. Kisha ukaurusha mchi juu, ukapiga kofi moja, ukaudaka. Sikuwahi kukuona ukifanya hivyo. Ule ni mchezo wa wasichana wasioolewa. Mkamwana aliye kwenye kinu cha mama mkwe wake hutwanga akiwa ameinamisha macho, si kurusha mchi na kucheka. Nami nikarusha, nikapiga kofi. Ukapiga makofi mawili. Nikapiga mawili. Ukacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, nikaona kumbe mama yangu alikuwa msichana zamani, na si zamani sana.

Ukajaribu matatu. Mikono yako ilikuwa na jasho, mchi ukakuponyoka nami nimeinama kutazama.

Damu iliingia kwenye mtama wote. Ulinishika uso kwa mikono miwili, umeogopa kuliko mimi. Si maumivu yangu tu yaliyokutisha. Ulijua Bibi atasema nini, na Shangazi Holo ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akisema kaka yake ameoa mtoto asiyemaliza kukua. Wangeliimba hilo mpaka wajukuu wazeeke. Ni mimi niliyesema, tena kwa sauti ya puani, "Tuseme ng'ombe." Tukamsingizia Madoa. Mtama tukawamwagia kuku, na katikati ya machozi ukaanza kucheka, nami nikacheka, na kila nikicheka damu inatoka upya.

Baada ya siku mbili Baba akamuuza Madoa mnadani. Ng'ombe anayepiga watoto hafugwi, alisema. Wewe hukula jioni ile.

Na siku zako za mwisho, ulipokuwa huwezi hata kugeuka kitandani, ulinyanyua kidole ukaifuata pua yangu kutoka juu mpaka kwenye kona yake. Ukasema, "Nisamehe." Nami mpumbavu nikafanya mzaha, nikasema mwombe radhi Madoa. Ulitabasamu. Lakini sikukujibu, mayu. Ulikuwa ukiniuliza jambo la kweli, nami nikaogopa kulia mbele yako. Hilo ndilo limekuwa likinisumbua miaka yote hii, wala si pua.

Sasa nitamwambiaje mgeni, na Shangazi Holo ameketi pembeni yangu na kikopo chake? Wewe umelala, huwezi kujitetea. Niliamua kabisa nisiende. Lakini picha zilikuwa zimekwisha kupigwa, maana Bwana Elias alitaka na picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, nikaona nizichukue tu.

Mpiga picha ni Bwana Kanji, ana duka la vitambaa na nyuma ya pazia ana kamera yake. Siku ya kupiga tulibishana sana. Kila nikikaa, ananigeuza ili kona isionekane. Namwambia kona ndiyo ninayotaka ionekane, yeye anaguna na kusema katika maisha yake hajamtoa mteja mbaya. Mwishoni akakubali, nikadhani nimeshinda.

Nilipokwenda kuchukua, ile ya ubavuni ilikuwa sawa. Ile ya mbele, pua imenyooka kama rula. Bwana Kanji alikuwa ameketi na penseli yake nyembamba juu ya kioo cha picha kabla hajaichapa, akaitengeneza, akaniambia kwa fahari kwamba hiyo ni zawadi ya duka. Nilifungua kinywa nimfokee. Daktari ataitengeneza nini, pua ambayo Mhindi ameshaimaliza? Kisha nikaitazama tena.

Ulikuwa wewe, mayu.

Hatukuwahi kuwa na picha yako hata moja. Nilikuwa nimeanza kukusahau, nasema ukweli wangu, nilikuwa nakumbuka sauti na mikono, lakini uso ulikuwa unanikimbia. Na sasa ulikuwa pale umevaa gauni langu, unanitazama. Nililia katikati ya marobota ya khanga. Bwana Kanji akadhani nimechukia kazi yake, akaleta kiti, akaleta maji, akaahidi kunipiga nyingine mbaya kadiri nitakavyo. Ameipiga, na kona imetoka vizuri mno. Amenisihi nisimwambie mtu kwamba ni kazi yake.

Jumapili nikaenda nyumbani na ile picha nzuri. Baba alikuwa anasuka kamba. Aliipokea, akaigeuza juu chini, akaisogeza kwenye mwanga. Kisha akauliza polepole, "Huyu alipigwa picha lini? Mbona hakuniambia?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza habari ya Bwana Kanji na penseli, na ya daktari, na kwamba nimeghairi safari. Akauliza kwa nini. Nikasema siwezi kueleza pua ilivunjikaje. Akaweka kamba chini.

"Siku ile Madoa hakuwapo nyumbani," alisema. "Nilimtoa alfajiri, nikampeleka kwa dume la rafiki yangu ng'ambo ya mbuga."

Mayu, sisi hatukuchungulia hata zizini. Tulimsingizia ng'ombe aliyekuwa kwenye harusi yake.

Baba akaendelea. Alisema jioni akiwa njiani, anamvuta Madoa kwa kamba, akakutana na jirani aliyempa pole kwa kuwa Madoa amempiga mtoto asubuhi. Akashukuru. Jirani alipopita, akageuza ng'ombe, akamrudisha ng'ambo ya mbuga gizani, akaja nyumbani peke yake ili mtu yeyote asimwone naye. Alipofika akakuta mchi umeoshwa na kuanikwa, na hakuna mtu duniani anayeosha mchi kwa maji. Akaona jinsi ulivyoificha mikono yako. Hakuuliza. Kutoka huko huko alikomwacha akampeleka Madoa mnadani, ng'ombe wake bora wa maziwa, kwa sababu akibaki zizini watu wangeendelea kuuliza, na wewe hukujua kusema uongo siku mbili mfululizo.

Nilimuuliza mbona hakukwambia kwamba anajua. Akasema alikuwa akingoja umwambie mwenyewe, na wewe ulikuwa ukiogopa, na siku zikapita, ndivyo watu wazima walivyo. Kisha akatazama tena picha.

"Mwambie daktari ukweli," alisema. "Hata Holo asikie. Mama yako alikuwa anapenda kucheza. Unadhani mimi nilimwoa kwa ajili ya nini?"

Sikuwahi kumsikia Baba akizungumza hivyo juu yako. Tulicheka, mayu, mpaka akajifuta macho kwa ile kamba. Picha amebaki nayo, nami sikuthubutu kuiomba.

Nimerudi kwa Bwana Elias, amefuta ng'ombe, ameandika mchi. Hakushangaa hata kidogo. Ameniambia mengine nitayasema mwenyewe mbele ya daktari, naye atatafsiri. Lori linaondoka Jumatatu asubuhi. Gauni nimelipiga pasi, pua nimeisafisha kwa maji ya chumvi, ugoro sijagusa siku kumi na moja. Shangazi Holo ameshafunga mzigo wake na anasema lazima akae kiti cha mbele.

Huenda daktari akasema mfupa umezeeka, haugusiki. Basi nitarudi na kona yangu, nitageuza benchi, wateja waketi kila upande wapendapo. Na akisema inawezekana, nitafurahi, wala sitajifanya sifurahi. Nataka kuwa mzuri, mayu. Wewe ungenielewa kuliko wote.

Jibu nililokunyima siku ile nakupa leo. Nimekusamehe tangu damu haijakauka. Hapakuwa na la kusamehe, lakini uliomba, na anayeomba hupewa.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi jambo moja na nitalitimiza. Jumatatu daktari akiniuliza nani aliyeushika ule mchi, nitamgeuzia uso mzima, Shangazi Holo akiwa hapo hapo, na nitasema kwa sauti, "Ni mama yangu. Tulikuwa tunacheza."

Binti yako,
Minza