Insha ya Barabara Nisiyoipita

Jumapili jioni, Nyamirambo, mtaani kwetu mjini. Kiangazi, vumbi hadi kwenye kope.

Kuna jambo ambalo hadi leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama. Ile insha yangu ya Kifaransa, safari ya gari kwenye vilima vya kusini kutazama mambo ya kale, niliichota kwenye vitabu vya maktaba. Huko sikuwa nimewahi kufika. Nilichomeka tu "niliona" hapa na pale. Mwalimu akaipenda, na Ijumaa natakiwa kuisoma mbele ya wazazi.

Baba mdogo, anayeuza vitambaa kwenye masoko ya vijijini, alijivuna kuliko wote. Akataka leo tuipite njia hiyo kwa pikapu yake.

"Profesa ndiye kiongozi," alisema. "Mimi ni dereva tu."

Sikuweza kukataa.

Vita viko kaskazini, lakini hata waendao kusini husimamishwa. Mara mbili askari walisoma vitambulisho vyetu polepole. Tulivuka mto Nyabarongo, mafunjo pande zote, kisha kilima juu ya kilima. Palikuwa pazuri. Sikufurahia chochote.

Tulipoacha lami, nikaona juu ya kilima miti ya umuvumu, aina ya mtini mkubwa, imesimama kwa duara. Vitabu vinasema miti hiyo ni alama ya makao ya wafalme. Nikashuka, nikaanza kumweleza baba mdogo kwa sauti kubwa, mimi ambaye darasani sisikiki.

Bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharage karibu alicheka.

"Mfalme gani, mwanangu? Huo ni uzio wangu. Na hapo uliposimama ni jikoni kwangu."

Walipojenga, alisema, mumewe alichomeka vijiti vibichi vya umuvumu kuzunguka boma, kama wafanyavyo watu wote. Vikaota mizizi. Mume akafa, nyumba ikaanguka, uzio ukawa miti. Akatuonyesha walipolala watoto wake, na alipofungwa ndama.

"Profesa, umempa bibi ufalme!" Baba mdogo alicheka hadi akafuta machozi. Bibi naye akanyoosha mkono, eti nimsujudie.

Njiani kurudi baba mdogo akaniuliza, bila kucheka, "Sasa wewe huku ulikuja lini? Na nani?"

Nikatazama dirishani. Hakurudia swali. Afadhali angenigombeza.

Nimechoka na ile insha kuliko nilivyochoka na safari.

Tulipofika Nyabugogo, penye kuingilia mjini, magari yakitupigia honi, nilimwambia ukweli. Akasema, "Basi mwambie na mwalimu."

Nimefungua daftari. Kila penye "niliona" nimekata, nikaandika "nilisoma." Ukurasa wa mwisho nimeuchana, nikaandika upya juu ya bibi, jiko lake na ndama. Chini nimemwandikia mwalimu mistari miwili: kwamba nilidanganya, na kwamba leo nimefika. Nimelitia daftari mkobani, kisha nimekwenda kumsaidia mama kumenya ndizi.