Misa ya Saa Nne

Muscat, 5 Januari 2025

Mwanangu Mboni,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Mungu anatulinda, ila goti langu la kushoto linagoma nikipanda ngazi za nyumba hii. Kifua cha bibi yako kimetulia?

Habari yako nimeisoma mara tatu. Yaani chuo kiwalete Muscat, huku huku niliko, kuja kuhesabu matumbawe! Mimi nimefua mashuka ya watu hapa miaka tisa, bahari naiona kwa dirisha la gari tu. Nilikuacha una miaka kumi na miwili, unaogopa hata maji ya ziwa.

Kwa Mama Ghaliya sipokei wageni, wala sitaki unikute na ndoo. Tukutane kanisani Ghala, misa ya Kiswahili, saa nne asubuhi. Ndiyo siku yangu pekee ya kutoka. Nitavaa kitenge cha kijani ulichonitumia. Usije ukanipita, nimenenepa.

Mama yako

Dar es Salaam, 8 Januari 2025

Shikamoo mama,

Bibi mzima. Anasema hilo goti la pili walau ulirudishe nyumbani.

Ratiba yetu imejaa, tutakuwa baharini wiki nzima, ila mwalimu katupa asubuhi moja ya mapumziko kabla ya ndege. Nitakuja misa. Laini yangu haitashika huko, ujumbe nitasoma tukiwa kambini Sidab tu, kwenye mtandao wao. Siogopi maji tena, mama. Utashangaa.

Mwanao

Muscat, Ijumaa 17 Januari 2025

Mwanangu,

Hujambo? Leo nauliza kweli, maana sijui uko katika hali gani.

Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kila aliyeingia nikamgeukia. Msafiri, mlinzi wa geti, akanitania, "Dada Evodia, leo shingo itakatika!" Misa ikaisha. Nikakaa mpaka akaja na funguo, safari hii bila utani.

Kama umeona bora usije, sikulaumu. Miaka tisa haifutwi kwa misa moja. Nimekusalia rozari nzima, Mungu akulinde humo majini.

Mama yako

Muscat, Jumapili 19 Januari 2025

Shikamoo mama,

Niko uwanja wa ndege, ujumbe wako naupata sasa hivi. Ijumaa na jana tulilala kisiwani, mtandao hakuna. Leo tumerudi asubuhi, nikachukua teksi moja kwa moja hadi Ghala, nywele bado zina chumvi. Nje hakuna mtu. Mlinzi akanitazama, akasema, "Misa ya Kiswahili ilikuwa juzi, binti. Huku Jumapili watu wako kazini." Akakupigia mara tatu.

Kwa nini hukuniambia ni Ijumaa?

Nimemwachia kitu chako. Wanatuita.

Mwanao

Muscat, Ijumaa 24 Januari 2025

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na bibi kakupokea. Goti liko vilevile.

Uliniuliza kwa nini. Miaka tisa nasali Ijumaa, Jumapili napiga pasi. Sikukumbuka kabisa kwamba huko kwenu misa ni Jumapili. Na Jumapili ile Mama Ghaliya alikuwa na wakwe. "Evodia, leo nna watu thalathini, simu weka kabatini." Nikaiweka.

Leo Msafiri kanipa kitu chako, kile kibao cheupe cha plastiki mnachoandikia kwa penseli mkiwa chini ya maji. Nimekisoma kwenye basi. "Ijumaa, saa 4:10, mita tano. Matumbawe hai 31, yaliyokufa 9." Halafu pembeni, herufi ndogo: "Keshokutwa namwona mama."

Saa nne na dakika kumi nilikuwa benchi la nyuma.

Nilipoingia nacho jikoni, Mama Ghaliya akauliza, "Umenunua kibao cha kukatia vitunguu?" Nikamwambia hapana, cha mwanangu. Nimejaribu ukingo wake kwa kidole chenye maji, penseli haitoki, inataka kusuguliwa. Na humu ndani hakuna nisichokisugua.

Ila kibao chako nimekifunga kwenye kitenge, kiko sandukuni.

Mama yako