Mwanga Uliopenya Kwenye Chuma

London, Machi 1943

Kaka Enoch na Wifi Nellie,

"Karatasi ya ukutani haijawahi kumwondoa kijana kwao, ni maofisa waliomrubuni mwanangu Cyril." Ndivyo ulivyoandika, Kaka, na kabla hata ya kuwajulia hali nasema umekosea. Haya, sasa nawasalimu. Kifua cha Wifi kinaendeleaje na baridi ya Rochdale? Mimi mzima, nakunywa chai isiyo na sukari na kugombana na ofisi nzima, kama mnavyonijua.

Kazi yangu mnaijua. Mchoraji anachora, mimi natunga maneno, na mabango yetu yanabandikwa kwenye karakana za jeshi ili mafundi wajinoe na kufanya mtihani wa kupanda daraja. Siombi radhi kwa hilo. Gari lenye breki mbovu linaua kama risasi, na aliyezifunga vibaya ni mtu wetu wenyewe. Nitabishana na askofu, na jenerali, na wewe pia.

Lakini Cyril hakurubuniwa na ofisa yeyote. Alipokuja kwangu likizo ya Krismasi, nilimuuliza mbona fundi mwenye mikono kama yake bado yuko daraja la tatu. Akacheka, "Shangazi, mimi ni bingwa wa kufeli!" Akanieleza kwamba kwenye mtihani fundi hupewa kipande cha chuma, akisugue kwa tupa mpaka kijae kwenye tundu la mraba, hata ukigeuze upande gani, mwanga usipenye. Yeye hukifikisha hapo hapo. Halafu mkaguzi akigeuka, anakipitishia tupa tena, makusudi. Mwanga unapenya, anafeli, anabaki karakana ya hapa nchini. Alisema aliwaahidi ninyi wawili, tangu kaka yake Stanley azame na meli yake, kwamba hatapanda, maana wanaopanda hupelekwa ng'ambo. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Sikumwambia mtu. Nilifanya baya zaidi. Nilimwagiza mchoraji achore kipande cha chuma ndani ya tundu, mwanga ukipenya ubavuni, na ndani ya mwanga huo lori lililojaa vijana likiserereka kuelekea korongoni. Chini nikaandika: "Ulijua kulijaza tundu. Nani yumo ndani ya lori?" Ofisini walinipigia makofi. Nami nilijua bango hilo litafika karakana ya Cyril. Nililitaka limfikie, kwa sababu sikuthubutu kumwambia ana kwa ana. Ana macho ya Stanley.

Ameniandikia kwamba wenzake walilisoma wakamcheka huyo fundi mzembe, "bwege gani huyu!", naye akacheka nao, kisha akashindwa kula. Mtihani uliofuata, mwanga haukupenya.

Bado naamini kila neno la bango lile. Ila ukweli wake niliuiba kwa mtoto aliyeniamini, nikamwaibisha nao ukutani, huku mimi nikikaa kwenye kiti changu London. Akizama naye, ni maneno yangu.

Nisalimieni majirani wote, na Wifi asiache kujifunika kifua.

Kaka, umeapa kwamba mvunja ahadi hatakanyaga kwako. Jumamosi atashuka kituoni na mfuko begani, likizo ya mwisho kabla ya meli. Nendeni wote wawili mkampokee. Mlango nifungieni mimi.

Dada yenu,
Hester