Mbege ya Nyumbani Kwetu

Jumatatu, 3 Februari 1958

Itangazwe kwa mataifa yote, na Kilema nzima ijue: leo saa nne asubuhi ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kumposea mwanangu Antoni, zimetelekwa jikoni! Mizinga haikupigwa. Kuku mmoja alikimbia.

Kazi ni ya Mama Antoni. Mimi ni msimamizi — hakuniomba.

Jumanne, 4 Februari

Chama cha kahawa. Karani Elisaria alikuwa akitusomea gazeti. Nchi sita za Ulaya zimepatana kupunguziana ushuru. Mjerumani anamuuzia Mfaransa magari, na Mfaransa anamuuzia Mjerumani — magari! Nikadhani ameruka mstari. Hakuruka. Anasema wenye viwanda siku hizi wanazidi kuuziana wao kwa wao, tena vitu vile vile.

"Na sisi?" nikauliza.

"Sisi tunawauzia kahawa, bwana."

Hapo ningenyamaza. Wapi! Nikasimama mbele ya mizani nikatangaza kwamba mtu kununua kitu anachojitengenezea nyumbani kwake ni upungufu wa akili. Watu wakacheka vizuri. Mzee Sirili, katekista, baba yake Dominika, binti tunayemposa, hakucheka.

"Basi Jumapili tutaonja cha nyumbani kwenu, Baba Antoni."

Nimerudi nikihesabu siku. Kuna mwalimu mmoja wa kijiji cha Mkuu naye anapiga hodi kwa Dominika. Tukiharibu Jumapili, Kwaresima hiyo inaingia, posa zinasimama, na mwalimu ana baiskeli.

Ijumaa, 7 Februari

Balaa. Mama Antoni alisema gome la msesewe litiwe kiganja kimoja tu, liipe mbege uchungu kidogo. Mimi nikaona posa si jambo la kiganja kimoja. Alipokwenda shambani, nikaongeza.

Leo ameonja. Akatema.

"Hii kwinini, mume wangu. Wapelekee wenye homa."

Antoni aliutazama mtungi, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenilaumu! Kutengeneza nyingine, siku hazitoshi.

Jumamosi, 8 Februari

Sokoni Himo. Zita mchuuzi ana mbege nzuri — nzuri mno! Huichukua kwa akina mama wa huku mlimani. Kwa nani hasa, sikuuliza. Mtu aliyejibanza nyuma ya lori la ndizi haulizi maswali.

Jumapili, 9 Februari

Naandika nikiwa kwa Mzee Sirili, nje, nimekalia kinu kilichopinduliwa. Nitajaribu kusema mambo kama yalivyokuwa.

Nilionja kwanza mimi, kama desturi, waone haina sumu. Nikampa Mzee Sirili kata. Akasema "Mmh!" mara mbili, akampa mkewe. Mama Dominika akanywa funda moja, akatulia. Akanywa la pili.

"Baba Antoni, hii ni ya nyumbani kwenu?"

Nilikuwa na uongo mzuri, nimeufanyia mazoezi tangu Himo. Nikamwona Antoni, shingo ameiingiza mabegani. Uongo ukanikwama.

"Ya kwetu niliiharibu mimi, si mama yake. Hii nimeinunua kwa Zita."

Mama Dominika akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

"Zita huchukua kwangu," akasema. "Kila Alhamisi."

Mzee Sirili akageuka polepole, kama lori la kahawa kwenye kona.

"Alhamisi? Alhamisi si unakwenda rozari?"

"Nakwenda. Nikishampimia Zita."

Mama Antoni akanikanyaga mguu, sijui kwa kosa langu lipi. Mzee akaitazama kata, akaimaliza yote. Akauliza ile iliyoharibika iko wapi. Nikamwambia iko jikoni, haifai hata kwa adui.

"Sisi tumeonja yetu," akasema. "Leteni yenu."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Antoni akatoka mbio. Mimi nikatoka nje kuvuta pumzi — naomba asijikwae, kisha naomba ajikwae, mtungi upasuke tupumzike.

Huyo, anapanda, mtungi begani. Hajajikwaa. Dominika ameikung'uta kata, anateremka nayo kumpokea. Hakuna aliyemtuma.