Kurasa Tatu Ulizoziruka

S.L.P. 1147,
Ghubra,
Maskati.

Ijumaa, 22 Oktoba 1999

Mpendwa ndugu yangu Harub,

Assalaam aleikum. Nakusalimu kwanza kwa sababu salamu ni haki yako hata nikiwa nimekukasirikia, na nimekukasirikia kweli. Natumai hujambo na masomo yanakwenda. Natumai mama yako, Shangazi Mahfoudha, hajambo na goti lake limepoa. Hali ya Bibi siiulizi kwa desturi, naiuliza kwa sababu nataka kujua. Anakula? Analala vizuri? Niandikie ukweli.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Joto limeanza kupungua, na asubuhi tukingoja basi la shule hatuungui tena. Baba na Mama hawajambo. Kaka Khattab ndiye mzima kuliko sote, maana tangu wiki iliyopita anacheka kutwa, na anayechekwa ni mimi.

Sasa sikiliza. Ijumaa iliyopita, baada ya sala na chakula, Baba alipiga simu Unguja kama kawaida. Akasema, "Nipe Mama." Unajua mama yako anavyosema kwenye simu, kama mtu aliye ng'ambo ya barabara, kwa hiyo sote tulimsikia: "Mama hataki kuja kwenye simu. Anasema asije akawalia mafuta yenu bure."

"Mafuta gani?" Baba akauliza.

"Muulize mwanao Muhsina. Si yeye aliyeandika kuwa wazee waachwe?"

Harub, mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye zulia. Wote walinigeukia. Nikasema kwa sauti ndogo, unanijua nilivyo, "Si maneno yangu." Hakuna aliyenisikia.

Nataka nikukumbushe mambo, maana inaonekana umeyasahau. Mchezo wetu wa barua tuliuanza mwaka juzi ulipokuja kututembelea, tukafungiwa ndani siku tatu na joto la Julai. Kila mmoja wetu ana chombo chake chenye watu mia mbili, wanaohama dunia kwenda kujenga mji kwenye mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali. Anayefika kwanza anachagua mahali pazuri pa kujenga. Sheria ya kwanza tuliiandika pamoja: hakuna injini bila hesabu. Hakuna milango ya miujiza, hakuna kufumba macho ukafumbua uko nyota nyingine. Injini iwe kitu ambacho mhandisi wa leo, au wa miaka hamsini ijayo, anaweza kukijenga bila kuvunja kanuni za maumbile.

Sheria ya pili uliitaka wewe. Barua zetu huchukua wiki mbili au tatu, nasi tulikuwa tukibishana nani alisema nini. Ukasema kila anayejibu aanze kwa kunakili hoja ya mwenzake, neno kwa neno, ndipo aijibu. Nimeifuata sheria hiyo miaka miwili, hata mkono ukiniuma.

Mwezi wa Agosti uliniandikia hoja hii: "Napendekeza wazee wote waliozidi miaka sitini waachwe duniani. Wanakula mafuta kuliko faida yao. Wazee kumi na wawili na chakula chao na maji yao ni tani sitini, na tani sitini zinataka mafuta tani elfu moja mia sita na ishirini. Meli itakuwa nyepesi na nitafika mapema. Anayetaka kushinda asiwe na huruma."

Hayo ni maneno yako. Mimi niliyanakili kama ulivyotaka, ukurasa wa kwanza wote, kwa mwandiko wangu. Kurasa tatu zilizofuata zilikuwa jibu langu.

Baba alipombana Shangazi kwenye simu, tukajua lililotokea. Barua ilifika, Bibi akataka isomwe, mkakaa sebuleni. Wewe ukasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Ulipofika kwenye jibu langu, Bibi akaona nambari nyingi, akasema, "Ruka hayo mahesabu, baba, tusomee habari." Nawe ukaruka. Kurasa tatu nzima! Ukaenda moja kwa moja kwenye salamu za mwisho, ukazisoma, ukaikunja karatasi.

Silaumu barua kusomwa mbele ya watu. Barua inayotoka Maskati ni ya nyumba nzima, nalijua hilo. Wala simlaumu Bibi kwa kuchoshwa na nambari. Nakulaumu wewe. Shangazi anasema Bibi aliinuka bila kumaliza chai, akaingia chumbani, akauliza tu, "Mtoto wa Sleiman ndiye kasema hivyo?" Ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kwake. Maneno manne tu yalitosha: "Bibi, hayo ni yangu." Hukuyasema siku ile. Hukuyasema wiki nzima. Hata Ijumaa, simu ilipokuwa mkononi mwa mama yako na wewe uko nyumbani, hukuyasema. Uliogopa nini? Bibi angekufanya nini wewe, kipenzi chake, unayewekewa ukoko wa wali?

Mimi nimejifunza kuandika Kiswahili kwa barua za Bibi, zile alizokuwa akizisema na Shangazi akiziandika. Shuleni tunasoma Kiarabu na Kiingereza tu. Kila neno zuri ninaloandika humu limetoka kwake. Leo anaamini nimeyatumia maneno hayo hayo kumwambia hana faida.

Huku nyumbani sipumui. Kila nikipita, Khattab hukaa wima kama askari na kusema, "Ahlan, kapteni! Mie kilo themanini na mbili, nami utaniteremsha?" Juzi Mama alimwomba anyanyue mtungi wa gesi, akajibu, "Mwambie Muhsina apige hesabu kwanza kama nna faida." Mama naye akacheka. Akajifunika mdomo kwa shela, lakini nilimwona.

Baba hakucheka. Amechukua madaftari yangu yote matano ya mchezo, ameyafungia kwenye kabati la nguo zake. Nilimwomba asome kurasa zile tatu tu, nakala zake zimo kwenye daftari la nne. Akasema, "Sitaki kusoma. Nnataka uandike radhi kwa bibi yako, leo hii." Nikasema maneno si yangu. Akaniuliza, "Mwandiko wa nani?" Nikasema wangu. "Basi." Mtu mzima, anafanya kazi wizarani, kutwa anasoma mafaili ya watu, anashindwa kusoma kurasa tatu za mwanawe!

Basi nakuandikia hapa tena zilichosema kurasa hizo, kwa kichwa, bila madaftari. Usome vizuri, kwa sababu safari hii utazisoma mbele ya watu.

Hesabu yako ilikuwa sahihi, Harub, na ndiyo maana ilinichukiza. Injini yako ni ya kuchoma kemikali, kama za maroketi yote tunayoyaona kwenye televisheni. Inatupa moshi nyuma kwa kasi ya kilomita nne na nusu kwa sekunde. Safari yetu inataka mabadiliko ya mwendo ya kilomita kumi na tano kwa sekunde. Kwa hiyo unabeba mafuta ya kubeba mafuta yatakayobeba mafuta mengine, na kila tani moja ya mzigo inataka tani ishirini na saba za mafuta. Kwa injini kama hiyo, kweli, kila mtu ni mzigo. Si wazee tu. Hata mtoto mchanga ni mzigo. Hata wewe.

Nikajiuliza: kama hesabu inamfukuza mtu, kosa ni la mtu au la injini? Nikaenda maktaba Alhamisi tatu mfululizo. Nilimwuliza na abla, mwalimu wetu wa kike wa fizikia, Mmisri, ingawa nilijificha nyuma ya mlango dakika kumi kabla ya kuingia. Akanipa jarida la Kiingereza lenye habari za injini ya ioni, inayotumia umeme kusukuma chembe za gesi. Wamarekani wamerusha chombo chenye injini hiyo mwaka jana tu, si hadithi. Nguvu yake ni ndogo kabisa, kama uzito wa karatasi moja kwenye kiganja. Lakini inatupa gesi yake nyuma kwa kilomita thelathini kwa sekunde, na inasukuma usiku na mchana, miezi na miaka, bila kuchoka. Ukiwa na nyingi, na mtambo wa nyuklia wa kuzipa umeme, utawafikisha watu.

Kwa injini hiyo, tani moja ya mzigo inataka kilo mia sita na hamsini tu za gesi. Safari inakuwa ndefu, miaka kumi na mmoja badala ya sita yako, kwa hiyo nikawaongezea wazee chakula na maji, wakafika tani tisini na sita. Hata hivyo gesi yao ni tani sitini na mbili. Sitini na mbili, Harub! Wewe ulitaka elfu moja mia sita na ishirini.

Nikaandika mwisho wa ukurasa wa nne, nakumbuka kila neno: "Nitafika miaka mitano baada yako, nawe utakuwa umeshachukua mahali pazuri pote. Sijali. Kwangu hakuna anayeachwa." Hiyo ndiyo hoja yangu. Nilikubali kushindwa mchezo wa miaka miwili ili nisiiseme hiyo uliyoisema wewe, na sasa inajulikana kwa jina langu.

Jumatatu nilimwuliza Baba kwa nini amekasirika hivi kwa mchezo wa karatasi. Nilidhani atanifukuza. Alikuwa anakunja kanzu zake. Akasema bila kuniangalia, "Mwaka wa sitini na nne nilikuwa na miaka tisa. Meli ilikuwa inakwenda Arabuni na nafasi zilikuwa chache. Wanaume wakakaa barazani wakagawa majina, nani apande, nani abaki. Bibi yako alikuwa jikoni anatupikia. Aliletewa jibu tu." Jibu lilikuwa abaki amtunze mama yake mgonjwa na Shangazi aliyekuwa bado ananyonya, na kwamba ataitwa baadaye. Baba hakumwona mama yake tena mpaka alipokuwa na miaka ishirini na mmoja. Akafunga kabati, madaftari yangu yakabaki humo humo.

Nilikuwa silijui hilo. Nawe nadhani hulijui, ingawa unaishi naye nyumba moja. Hasira zangu kwako hazikupungua, zimeongezeka, kwa sababu sasa najua Bibi alisikia nini siku ile sebuleni. Hakusikia mchezo.

Kwa hiyo nakutaka ufanye hivi. Wakusanye wale wale waliokuwepo. Kwanza useme kwa mdomo wako kwamba ukurasa wa kwanza ulikuwa wako. Kisha uzisome zile kurasa tatu, hesabu zote. Bibi akikwambia ruka, mwambie, "Muhsina kasema nisiruke." Atachoka, atapiga miayo, endelea tu. Ikiwa umezipoteza, soma barua hii badala yake. Usipofanya, sitajibu barua yako nyingine yoyote, na mwezi wa Zohali chukua wote, kaa huko peke yako na vijana wako wepesi.

Kwa maneno yako mimi siombi radhi, hata Baba akiyachoma madaftari. Lakini kuna jambo moja ambalo radhi yake ni juu yangu, nami nakuomba umsomee Bibi sehemu hii polepole. Kwenye orodha yangu ya wazee kumi na wawili, jina lake ni la kwanza. Nilimpimia kilo zake, maji yake na mchele wake wa miaka kumi na mmoja. Nilimpimia mpaka uzito wa msala wake wa kusalia. Nilijiona mwema sana. Wala sikumwuliza kama anataka kwenda. Nimemwandika jina yeye akiwa jikoni, kama wale wa barazani.

Basi muulize, Harub. Usimbembeleze, usimchagulie. Muulize na unyamaze mpaka ajibu, hata akikaa kimya muda mrefu. Akisema anabaki, niandikie alivyosema, neno kwa neno, nami nitaipiga hesabu upya bila yeye na sitambishia. Na akisema anakwenda, muulize anataka kumchukua nani.

Nisalimie sana Shangazi Mahfoudha, mwambie simkasirikii yeye. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Baba na Mama wanakusalimu, na Khattab anakuuliza una kilo ngapi. Bibi mbusie mkono kwa ajili yangu, akikubali. Mwenyezi Mungu ampe umri na afya, na wewe akupe moyo wa kufungua mdomo.

Mimi dada yako, nikupendaye na nisiyekusamehe bado,

Muhsina binti Sleiman