Maua Aliyoyang'oa Baba

Kuwabara, Nagano,
Japani.
9 Novemba 2023

Mpendwa Shangazi Kiyono,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Magoti yanasemaje? Na huko São Paulo, wajukuu wazima? Sisi hatujambo kwa afya, ila mimi sijui nitauweka wapi uso wangu.

Tulipomaliza matanga ya Baba, kaka yako, niliyapeleka makumbusho ya mkoa yale maua yote aliyoyakausha. Juzi wakatuita watushukuru. Nikajitia maringo, Shangazi! Nikavaa kimono cha hariri, nikabeba mochi, vikate vya mchele vyenye maharage, nikawaburuta na majirani aliowafundisha Baba shuleni waje kusikia Mwalimu wao akisifiwa.

Binti wa makumbusho, Bi Sakaki, akatandaza meza nzima maua ya aina moja tu: lile la zambarau la mlimani kwetu, lenye maganda kama ya kunde. Kila moja na mizizi yake. Kumbe Baba aliyang'oa kila kiangazi ili abadilishane na wakusanyaji wa mijini kwa maua ya kwingine, na wao lisilo na mzizi hawalitaki. Mlimani halipo tena.

Jirani yetu Otsuru, mdomo wake hauna breki: "Alitucharaza viboko kwa kuchuma maua, kumbe mlima kaumaliza mwenyewe!"

Mochi nilirudi nazo nyumbani.

Bi Sakaki akanihurumia. "Usione haya, mama. Bila marehemu tusingejua hata kwamba liliwahi kuota pale."

Nikamwambia, "Bila marehemu lingekuwa bado linaota."

Sasa wanataka kulirudisha. Mbegu za kwetu zimekufa, maana Baba alizikausha juu ya jiko la mkaa. Lakini lile alilokupa bandarini ulipohama, ulilolitia fremu, Mama alilikausha kwa magazeti tu, bila moto. Bi Sakaki anasema mbegu ngumu kama zile huweza kulala miaka mingi zikaamka. Vibali atashughulikia yeye. Ila maganda itabidi wayapasue.

Najua huna kingine cha kaka yako. Barua hii nimeichana mara kadhaa, haya zimenijaa. Ukikataa, nitawaambia nimekataa mimi. Lakini katika yote aliyoyang'oa, Shangazi, hilo lako ndilo pekee alilolitoa bure, na ndilo pekee ambalo huenda bado liko hai.

Nisalimie Mjomba Eizo na binamu Harumi. Wazee waliotangulia wakulinde.

Ni mimi mwanao, mwenye haya na mwenye kukupenda,
Fumie