Kofia ya Pikipiki

Gisenyi, Jumapili

Baba Nuriya,

Barua hii naiandika haraka. Nzeyimana, dereva wa lori anayekuja huko Lusaka, amekaa hapa akisubiri nimshonee vifungo vya shati lake.

Sisi wazima. Mvua imenyesha wiki nzima. Mama yako anakusalimu. Nuriya anaongea sasa, Kinyarwanda na Kiswahili kwa pamoja, hanyamazi.

Ila uliondoka akiwa mdogo mno. Anachokumbuka ni kwamba baba ni mtu wa pikipiki mwenye kofia kichwani. Kwa hiyo kila dereva wa pikipiki akipita, mtoto anakimbilia mlangoni: "Papa! Papa!" Mwanzoni niliona aibu. Siku hizi madereva wenzako wote wamemzoea. Wanapiga honi na kumjibu, "Papa iko kazini, mutoto yangu!" Naye anarudi ndani ameridhika.

Juzi mmoja alisimama, akavua kofia ili amsalimie vizuri. Nuriya alimtazama usoni, akaangua kilio, akaja kujificha chini ya cherehani yangu.

Simu yako haipatikani tangu Idi. Sikuulizi uko na nani. Nilimwonyesha mtoto picha yetu ya harusi, akaniuliza, "Mama, huyu nani?"

Siku utakayorudi, panda pikipiki kutoka stendi, uingie nyumbani na kofia kichwani. Usiivue mpaka mtoto azoee sauti yako.

Mimi nitakujua hivyo hivyo.

Mkeo, kama bado,
Bushira